Msaidizi wa Laini ya Pili

Mgongo wangu ulipona. Naliandika hilo kwanza kwa sababu nililikana miaka minne, mbele ya madaktari wawili, wauza dawa wote wa Hurlingham, na dada yangu mkubwa, ambaye kila Jumapili alikuja kwangu Muthangari na chupa ya mafuta ya karafuu kunikanda mgongo usiokuwa na neno.

Hapo mwanzo uliuma kweli. Nilipasuliwa, nikapewa vidonge vya kodeini, vikafanya kazi yake. Kisha maumivu yakaondoka, nami nikabaki na vidonge. Niliyapangia maduka ya dawa zamu kama ratiba ya mitihani: hili Jumatatu, lile Alhamisi, na lile la kona, ambalo muuzaji wake alikuwa msomaji wa makala zangu, nikaliweka akiba kwa siku za dhiki. Mtu aliyesoma makala zako haoni haya kukupa vidonge, anaona haya kukuuliza cheti cha daktari. Hiyo ndiyo faida pekee ya uandishi niliyowahi kuithibitisha.

Nilipofika kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga na vidonge, kule Upper Hill, nilijiambia nimekuja kutafuta cha kuandika. Nilibeba hata daftari. Nesi aliyenipokea alilitazama, akauliza kama na hilo daftari hushikwa na arosto likikosa dawa. Nikasema hapana.

"Basi liweke chini. Tuongee juu yako."

Utaratibu wao ni huu. Kila asubuhi, sikukuu isiwe sababu, unapanga foleni dirishani, unapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, unainywa mbele ya nesi, unateremshia maji, kisha unasema neno ili ajue hujaificha mdomoni. Wengi husema "asante". Mimi siku ya kwanza nilitoa sentensi yenye vishazi vitatu. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu, muosha magari aliyeachana na unga baada ya unga kumaliza meno yake ya mbele, akaguna:

"Mathe, sema tu sawa twende. Hii si bunge."

Ndiye pia aliyeniuliza mimi nilikuwa natumia nini. Nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni ya unyenyekevu, kwamba vyangu vilikuwa vidonge vya dukani.

"Na risiti walikuwa wanakupa?"

Foleni nzima ikacheka. Tangu siku hiyo, kwa vile vishazi vyangu, wakaniita Mwalimu.

Lakini kabla ya kikombe cha kwanza kulikuwa na fomu. Kliniki haimpokei mtu bila msaidizi: mtu wa nyumbani anayejua habari yako, ambaye watampigia simu kuuliza unakula, unalala, na watampigia mbio ukikosa kuja. Niliandika jina la dada yangu. Nikaandika na namba. Namba ilikuwa yangu, laini ya pili, niliyoitia katika simu ndogo ya tochi, mulika mwizi, na kuifungia kwenye droo ya vijiko.

Si kwamba angenifukuza. Dada yangu ana duka la vitambaa mjini na amewavumilia wateja wabaya kuliko mimi. Shida ilikuwa mikono yake. Ningemwambiaje kwamba Jumapili zote zile, akipiga magoti kwenye zulia langu na magoti yake mwenyewe yakimuuma, alikuwa anakanda uongo? Niliona heri nipone kwanza, nimwambie baadaye, kama habari ya zamani.

Hivyo kwa miezi minne nilikuwa mgonjwa asubuhi na msaidizi wangu mchana. Simu ikilia kwenye droo ya vijiko, nakohoa hadi sauti yangu inakuwa nzito, ya Mombasa, yenye uchaji Mungu. Anaendeleaje? "Alhamdulillahi, mwanangu, anajitahidi." Nilijisifu kuliko ndugu yeyote angelinisifu.

Kisha Jumatatu moja nikafika lango la hospitali iliyo na kliniki yetu, nikamwona jirani wa duka la dada yangu akitoka, karatasi za eksirei kwapani. Nikageuka kama mtu aliyesahau jiko likiwaka. Jumanne sikwenda kwa aibu ya Jumatatu. Walishatuonya: ukikosa siku tatu mfululizo, unarudishwa nyuma kwenye kipimo kidogo, kama unaanza upya. Jumanne jioni mifupa ilikuwa inawasha na pua inatiririka, nikapita kwenye lile duka la kona. Jumatano saa tano vidonge kumi vilikuwa mezani, havijafunguliwa, nami nimekaa nikivilinda kama msimamizi wa mtihani, ndipo droo ikalia.

"Habari ya asubuhi, mama," nesi akasema. "Dada yako hakuja jana, hakuja juzi. Leo umemwona?"

Nikajiona kwenye kioo cha kabati. "Nimemwona."

"Yuko aje?"

Nilitafuta ile sauti ya Mombasa, nikaikosa. "Hayuko vizuri."

"Ako na vidonge hapo?"

"Kumi."

Nyuma yake nilisikia foleni, mtu anasema asante.

"Mwalimu," akasema, "hii mchezo nimeinyamazia kwa sababu ulikuwa unakuja. Sasa hukuji. Ukianguka huko bafuni, nimpigie nani? Wewe?"

Nikavisukuma vidonge hadi ukingo wa meza.

"Nitafutie dada yako. Yule wa ukweli."

Niliketi muda ambao sikuupima. Kisha nikachukua simu yangu ya kweli nikampigia. Alipokea katikati ya kumkatia mteja kitambaa. Nilisikia mkasi ukipita.

"Nini tena, ni mgongo?"

"Mgongo ulipona, dada. Zamani."

Nikamweleza yote bila vishazi: vidonge, kliniki, fomu, droo, na nesi aliyekuwa amegundua. Mkasi ulikuwa umesimama. Alipoongea, hakuuliza habari ya mgongo wala ya Jumapili, ingawa najua zilikuwa pale, zinangoja zamu yao.

"Miezi minne nimekuwa msaidizi wako," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilikuwa nasemaje, nikipigiwa?"

"Ulikuwa mpole. Ulisema unaniombea."

"Ndiyo maana hawakukuamini." Nikamsikia akimwambia mteja arudi alasiri, kisha mlango wa chuma ukianza kuteremshwa. "Hivyo vidonge vitie mkobani uje navyo, nitampa nesi mimi kwa mkono wangu. Nakukuta langoni. Wanafunga saa ngapi?"

"Saa saba," nikamwambia.