Mguu wa Gervas na Ndege Nyuki

Kijijini kwao, katika kata ya Kasulo, mtu aliyekosa mguu chini ya goti alikuwa mmoja tu, na hakukubali hata siku moja jambo hilo lisahauliwe. Aliitwa Gervas. Kwa maelezo yake mwenyewe, mguu ule ulichukuliwa na bomu la kutegwa ardhini, enzi zile wakimbizi walipovuka mpaka kwa makundi na wapiganaji wakajichanganya nao. Mwanzoni bomu lilikuwa dogo. Miaka ilivyokwenda likakua, likapata moshi na ngurumo, kisha likapata mtoto wa mkimbizi ambaye Gervas alikuwa akimwokoa. Baadaye wakawa mapacha.

Ukweli ni kwamba mguu ulibaki Nyakahura, siku ya mnada. Gervas aliuza mbuzi, akamnywa mbuzi mzima, akatafuta kivuli na kukipata chini ya lori la ng'ombe. Dereva hakuwa na desturi ya kuchungulia uvunguni kutafuta wanaume waliolala. Alirudi nyuma.

Aliyejua haya ni mkewe, Yuster, ambaye ndiye aliyemuuguza hospitalini. Alinyamaza, maana aibu ya mume hulala nyumba moja na mke. Akabeba maji yeye, akalima yeye, akakata ndizi yeye, huku mumewe akipewa kiti cha mbele arusini na mrija wa kwanza kwenye kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Siku za msaragambo, wenzake walipochimba barabara ya kijiji kwa pamoja, Gervas alikaa pembeni akiwasimulia bomu lake ili wapate nguvu.

Basi mwaka mmoja likaja shirika la kutegua mabomu, lenye magari meupe na ndege nyuki, kile kidege kisicho na rubani. Kiongozi wa kikosi alikuwa binti mmoja mpole, Anneth, asiyependa maneno mengi. Alieleza mkutanoni kwamba kitu kilichofukiwa ardhini hupata joto na kupoa tofauti na udongo unaokizunguka, na kamera ya ndege huiona tofauti hiyo jua linapoanza kupasha. Picha zikiunganishwa zinakuwa ramani. Penye shaka panapakwa rangi nyekundu, kisha wategua mabomu wanakwenda kupima kwa mkono.

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye katika yote hayo alikuwa ameshika neno "semina" tu, alisimama.

"Wageni wetu, sisi tuna shahidi aliye hai. Mzee Gervas, njoo."

Gervas akaja, akichechemea kuliko siku zote. Wakubwa wa shirika walimvisha kizibao kinachong'aa na kofia, wakampiga picha akitazama mbali.

"Shikamoo mzee," alisema Anneth.

"Marahaba, mwanangu."

"Unaweza kutuonyesha mahali lilipokulipukia?"

Hapo ndipo Gervas alipopaswa kusema amesahau. Uzee ungemtetea. Lakini mtu aliyevishwa kizibao hukumbuka mengi. Aliunyoosha mkongojo wake ukaelekea shamba la maharage la jirani yake Leonidas, ambaye walikuwa hawaelewani kwa sababu ya mpaka.

"Pale," alisema. "Na yalikuwepo mengine."

Kesho yake shamba la Leonidas lilizungushiwa utepe mwekundu na vibao vya fuvu la kichwa. Maharage yalikuwa yamekauka, yanangoja kung'olewa. Leonidas na mkewe Domisiana wakaenda kwa Gervas, wakamkuta uani.

"Jirani," alisema Leonidas, "shamba lile nalilima tangu marehemu baba aniachie. Jembe limepita kila mahali. Wewe bomu ulilikanyaga wapi?"

"Bomu lina siri zake."

"Na maharage yangu?"

"Uhai kwanza, jirani. Maharage hupandwa tena."

Domisiana alimtazama kuanzia kofia mpaka kisigino kilichobaki. "Mungu alikosea kukuachia huo wa pili," alisema, wakaondoka.

Mbuzi, ambao hawakualikwa mkutanoni, walipita chini ya utepe siku ileile wakaanza kula. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Kijiji kizima kilisimama pembeni kikiwatazama wakitafuna jasho la Domisiana bila hata mmoja kulipuka. Mwenyekiti alifafanua kwamba mbuzi ni wepesi, bomu haliwasikii. Muda si mrefu akaingia fahali wa mtu, mzito kama ghala, akalizunguka shamba lote kwa mapozi na kutoka salama. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana kikao.

Ndege nyuki ikaruka asubuhi baada ya asubuhi, ikivuma juu ya migomba. Gervas aliifuata kwa chini na kizibao chake, akiielekeza kwa mkongojo kama anayechunga ndama. Ramani ilipokamilika, wategua mabomu waliingia kwanza shambani kwa Leonidas. Wakafukua makopo ya mafuta ya msaada, sufuria iliyotoboka na kijiko. Utepe ukaondolewa. Yakabaki mashina.

Lakini ramani ilikuwa na doa jingine, dogo na la duara, na Anneth alilirudia mara nyingi kabla ya kusema lolote. Lilikuwa nyuma ya jiko la Gervas, kando ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe.

Walipofika, Gervas alikuwa amesimama palepale akionja.

"Mzee," Anneth alimwambia kutoka mbali, taratibu sana, "usisogee. Hata mkongojo usiuinue."

"Kuna nini?"

"Simama tu hivyo hivyo."

Mtegua mabomu mmoja alikwenda kwa magoti, akipima udongo mbele yake. Akafagia majani kwa vidole. Kikaonekana kitu cha kijani kilichofifia, kama kopo la kiwi ya viatu, na vishimo vya mkongojo wa Gervas vimekizunguka pande zote. Nani alikizika, mkimbizi gani, mpiganaji gani, hakuna anayejua. Gervas alipokiona, sauti ilimtoka nyembamba kama ya kifaranga. Alibebwa mgongoni kama gunia, suruali ikiwa imelowa, na si kwa rubisi.

Watu wote waliondolewa wakasimama nyuma ya utepe. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuona ukimya akauacha salama, alisema, "Mzee Gervas atatuelimisha. Haya anayajua."

Anneth alimgeukia, labda kwa nia njema. "Mzee, lile la kwanza lilikuwa la namna hii?"

Gervas alifungua kinywa.

"Lile la kwanza lilikuwa na magurudumu," alisema Yuster.

Watu wakageuka.

"Lilikuwa limebeba ng'ombe. Nyakahura, siku ya mnada. Yeye alikuwa amelala chini yake, amelewa." Hakupandisha sauti. "Miaka yote hii nimepika pembeni ya bomu la kweli, huku nikisikiliza habari za la uongo. Nimechoka."

Domisiana ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita utepe mzima. Walikuwa bado wanacheka bomu lilipolipuliwa. Mtumbwi ulipasuka vipande, migomba miwili ikalala, na kila mtu akanyamaza, kwa kuwa mlio ule haukufanana hata kidogo na ule ambao Gervas alikuwa akiwaigizia.

Baraza la kata liliamua maharage ya Gervas yaende kwa Leonidas. Yuster alikataa kuyavuna. Gervas aliyang'oa mwenyewe, akijisogeza kwa makalio, akichungulia kila shina kabla ya kulishika. Leonidas aliyapokea bila kumshukuru. Alipoagwa tu, aliitikia.

Miezi ikapita. Anneth alikuwa amehamishiwa kazi nyingine. Wakubwa wa shirika wakarudi na kamera na kalenda mpya, ambayo juu yake Gervas alitazama mbali, na chini pameandikwa "Manusura". Walitaka asimulie tena.

Mwenyekiti alimvuta pembeni. "Usituharibie, mzee. Kuna semina."

Gervas aliirudia kamera. Kutoka jikoni Yuster alikuwa akimtazama.

"Niliumizwa na lori," alisema. "Nilikuwa nimelewa, nimelala chini yake. Bomu la hapa aliishi nalo mke wangu. Muulizeni yeye."

Wageni walitazamana. Mmoja akazima kamera na kueleza, kwa heshima zote, kwamba fedha za mradi haziruhusu malori. Yuster hawakumuuliza kitu. Walimwachia kalenda, wakaomba kuonyeshwa kijiji kingine chenye manusura, na mwenyekiti akapanda gari lao kuwaelekeza.