Kufuli Lililobaki Bombani

Kuchoka kuna aina zake, jamani. Kuna kuchoka kwa kulala ukaamka mzima, na kuna kule kwa Mzee Kufuli, kunakolala nawe, kukaamka nawe, kukakusindikiza mpaka chooni. Mtu huyu ni fundi bomba. Ujana wake wote aliumaliza akiwa chali chini ya mabomba ya watu, leo kiwanda, kesho hoteli, na sasa jengo la kompyuta ambalo hata kulieleza nyumbani kulimtoa jasho.

"Yaani nyumba yote ile ni ya kompyuta tu? Hakai mtu?" mkewe alimuuliza kwenye simu.

"Hakai mtu. Zitakaa kompyuta maelfu kwa maelfu, za kuwajibu watu maswali na kuwatunzia picha zao. Zikifikiri sana zinapata joto, ndiyo maana tunazitengenezea njia ya maji ya baridi."

"Na bomba la uani kwako linavuja tangu mwaka juzi."

Kinyozi hajinyoi. Mzee Kufuli alicheka, mkewe hakucheka.

Jengo lenyewe, tuseme kweli, lilichorwa na watu wenye akili. Umeme wake wa jua, paa lake linakinga maji ya mvua, na maji yake hayamwagwi ovyo: yanazunguka humo humo, yanabeba joto, yanapozwa, yanarudi. Wenyewe walijivuna kwamba halitaichosha dunia. Kuhusu mafundi hawakusema kitu.

Jina la Kufuli lilitokana na mahubiri yake. Katika kazi ile, fundi akitaka kuingia ndani ya bomba kubwa hufunga kwanza koki ya maji, kisha huipiga kufuli lake mwenyewe, lenye picha yake. Maana yake ni moja tu: kuna mtu ndani, msimuue. Halifungui nyapara, halifungui mwenye jengo. Hulifungua aliyelifunga, kwa mkono wake. Kila mgeni kazini alihubiriwa na mzee huyu mpaka masikio yakamuuma: ukiondoka ukaacha kufuli lako, litakatwa, na wewe na kazi basi.

Nyumbani, mkewe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lilipopasuliwa la kulia, Mzee Kufuli aliahidi kuwapo, kazi ikamzuia. Mama wa watu alitoka hospitali kashikwa mkono na jirani, na jicho lenyewe halikupona vizuri. Wala hakulaumu. Alishazaa mume hayupo, akauguza watoto mume hayupo, akamzika mama mkwe, mwenye mama akafika kaburi limeshafukiwa. Lawama zilikuwa zimemwisha, na hilo ndilo lililomtisha mzee kuliko yote.

Safari hii, ya jicho la kushoto, mzee aliapa. "Ukiingia nipo kwenye benchi, ukitoka nipo kwenye benchi."

"Haya," mkewe alijibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha sikia mengi.

Ili apewe ruhusa ilibidi apige zamu mbili mfululizo. Alitambaa ndani ya bomba akisugua maungio, akatoka macho mekundu, akanawa, akakimbilia basi, akasinzia njia nzima mdomo wazi. Asubuhi yake walikuwa hospitali, wamekaa pamoja, mkewe kavaa gauni la wagonjwa, pochi yake mapajani kwa mume. Mzee akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Akagusa ufunguo.

Loo! Kufuli lilikuwa bado kwenye koki.

Hata hajameza mate, simu ikalia. Alikuwa nyapara, na alikuwa hapumui vizuri.

"Mzee, umetuua! Wenye jengo wamefika kwa majaribio. Tumeshawasha mahita ya kutia joto vyumba vyote, joto linapanda kama kompyuta zimo, na maji hayaendi! Uko wapi?"

"Hospitali. Mke wangu anapasuliwa sasa hivi."

"Nakutumia gari, jioni utakuwa umefika. Tutawaambia wageni majaribio ni kesho. Sikiliza, mzee wangu, ile nafasi ya kubaki hapa moja kwa moja ni yako, nimeshakupigia debe. Nyumba utapewa, utamleta na mama. Hutahangaika tena. Lakini nikilikata hilo kufuli sina la kukusaidia. Sheria unaijua, si ni wewe unayewafundisha?"

Kubaki mahali pamoja! Miaka yote mzee alikuwa akiiota nafasi hiyo. Akamgeukia mkewe, ambaye alikuwa amesikia kila neno, maana nyapara hajui kuongea polepole.

"Nenda," mkewe alisema. "Mimi nimeshazoea."

Angefoka, mzee angepata la kubishana na pengine angekwenda. Lakini alisema kwa upole, huku akinyoosha mkono achukue pochi yake. Mzee hakuitoa. Alinyanyuka nayo akatoka nje, kwani humo ndani simu sasa ilianza kukatakata.

"Likateni," alisema.

Nyapara akaguna, kisha akampa simu dada wa usalama kazini. Binti huyu naye alikuwa mwanafunzi wa mahubiri yale.

"Shikamoo, baba. Samahani, lazima nikuulize mwenyewe, na ninarekodi. Umo ndani ya bomba?"

"Marahaba. Simo."

"Umo ndani ya jengo?"

"Nimetoka."

"Utarudi leo kulifungua?"

Mzee akaegemea ukuta. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, akaona hata kulia ni kazi.

"Sirudi, mwanangu."

Upande wa pili chuma kikalia mara moja. "Pole sana, baba," dada wa usalama alisema, na ilionekana anasema kweli.

Aliporudi ndani mkewe alikuwa ameshaingizwa. Akakaa kwenye benchi ameikumbatia pochi, akasema atafikiria kazi ya kesho, na kabla hajaifikiria usingizi ukamchukua, kichwa ukutani, anakoroma mpaka wagonjwa wakatazamana.

Kilichomwamsha ni sauti. Mlango ulikuwa umefunguliwa, mkewe kasimama na bandeji jicho la kushoto, na lile la kulia halimwonyeshi zaidi ya ukungu.

"Nesi," alikuwa akisema, taratibu tu, "nakuomba unishike mkono mpaka getini. Mimi sina mtu."

Mzee Kufuli alisimama. Akaenda akamshika mkono kwa kiganja chake kilichojaa makovu ya moto wa kuchomelea, na mkewe akakipapasa kidole kwa kidole.

"Wewe?"

"Mimi."

"Hukwenda?"

"Sikwenda."

"Na kazi?"

"Wamelikata kufuli."

Mkewe akaukaza mkono wake ndani ya ule wa mumewe.

"Basi twende," alisema. "Lakini polepole, sioni kitu."

"Sina haraka," mzee alisema.