Kadi Iliyosomwa Matangani

Kadi ilichelewa njiani, au kuna mtu aliyeikalia? Swali hilo liliniondolea usingizi mwezi mzima, mwaka wa kwanza baada ya kutoka chuo kikuu, nilipokuwa nimerudi kwa mama pale Shella, Malindi, nikisubiri barua ya ajira isiyokuja. Nilijitahidi kuwa mwadilifu. Magunia ya posta huchanganywa, nilijiambia. Labda mtangazaji wa redio aliiangusha nyuma ya meza, akaiokota baadaye. Nikitafuta udhuru wa mwisho nikaupata, asubuhi nikiamka haufai.

Miaka ile ya themanini pumbao letu lilikuwa kutuma salamu redioni. Ulinunua kadi dukani, zimechapwa mistari. Juu uliandika jina lako na mahali ulipo, katikati wale unaowasalimu, na chini kabisa maneno ya mwisho, ambayo ndiyo hasa yaliyompa mtu sifa. Kisha ukangoja usomwe. Wengine walicheza bao, wengine karata, sisi tulikuwa watu wa salamu. Tulikuwa kumi na mmoja, na kila Jumamosi baada ya alasiri tulikutana kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja mzee. Kipindi kikianza, fundi alisimamisha cherehani hata kama mteja anangoja suruali yake ikiwa na mguu mmoja.

Katibu wetu alikuwa karani wa duka la mbao na misumari, mtu wa makamo, nadhifu, kofia yake haikukosa wanga. Duka lilikuwa hatua chache kutoka posta, kwa hivyo ikawa desturi: Jumamosi tunamkabidhi kadi, Jumatatu anazitia sandukuni. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyesifiwa kwa maneno ya mwisho. Kisha nikaja mimi, nina shahada na sina kazi, na wenzangu wakaanza kuniletea kadi zao niwatungie. Sikukusudia kumpokonya kitu. Au labda nilikusudia. Hilo nalo nililifikiria sana.

Mjomba wangu alikuwa Mambrui, mkulima wa muhogo na mnazi, amelala kitandani tangu msimu wa kaskazi. Nilikwenda kumjulia hali, akanivuta karibu.

"Majina ya watu nayasikia kila siku," aliniambia. "Langu lina kutu?"

"Nitakuandikia, mjomba."

"Uandike la kuchekesha. Pole nimeshiba. Hata kitanda hiki kimenichoka."

Nikaandika hivyo hivyo: Mjomba, inuka utoke nje, kitanda kimekuchoka. Jumamosi nikampa katibu. Wiki iliyofuata nikamwambia mjomba kadi imetumwa, naye akaamuru redio iwekwe kwenye kiti kando ya mto wake.

Kila nilipokwenda nilimkuta anasikiliza. Watu wa Lamu walisalimiwa, wa Voi, wa Mariakani. Kadi ya fundi kwa dada yake wa Mariakani, niliyoiandika mimi na kuikabidhi siku ile ile, ilisomwa mapema kabisa. Ya mjomba haikusomwa. "Leo hawakunifikia," alisema. "Labda kesho." Mkewe, yule mkaza mjomba aliyenilisha kila likizo tangu udogo wangu, alikuwa akinitazama tu. Baada ya wiki tano mjomba akafa.

Siku ya pili ya matanga wanaume tulikuwa tumekaa nje kwenye mikeka. Mtu mmoja alifungua redio asikilize taarifa ya habari, kisha hakuna aliyekumbuka kuifunga. Zikaja salamu. Mtangazaji, kwa ile sauti yake ya harusi, akasoma jina langu, akasoma jina la mjomba, akamwambia ainuke atoke nje, kitanda kimemchoka. Nilinyoosha mkono kuifunga nikaipindua. Ndani, kwa wanawake, kilio kikaanza upya.

Nilipoingia kuaga, mkaza mjomba hakunyanyua uso.

"Ulimwambia umeituma," alisema. "Mwenzio alikuwa akilala na redio kama mtoto. Ulikuwa na mwezi mzima wa kumsalimu yu hai."

"Niliituma, wallahi."

"Usiape nyumbani kwa maiti, mwanangu. Nenda."

Tangu hapo shikamoo yangu haikujibiwa. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu alinijibu kwa kuingia ndani.

Mtu mwingine angemwendea katibu siku ile ile. Mimi nilifanya jaribio. Niliandika kadi mbili zinazofanana, tofauti ni maneno ya mwisho tu. Moja nikampa katibu, nyingine nikaitia sandukuni kwa mkono wangu. Ya mkono wangu ilisomwa, yake haikusomwa. Nikajiambia mara moja si ushahidi. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara zote tatu ikawa vile vile, na kufikia hapo hasira yangu ilikuwa imetulia. Niligundua kwamba naipenda. Ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza niliyokuwa nayo tangu nimalize masomo.

Nilimkuta dukani akipima misumari.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, msomi. Barua imekuja?"

"Bado. Nimekuja kuulizia kadi zangu."

Hakushtuka. Alimimina misumari kwenye gazeti, akalikunja pembe. "Zipo. Zako huziweka kidogo."

"Huziweka?"

"Bwana we, tangu uje hasomwi mwingine. Leo msomi, kesho msomi. Nikaona wenzio nao wapate nafasi. Redio si shamba la babako."

"Na ile ya mjomba wangu?"

"Nayo ilikaa. Kisha niliituma. Kwani haikusomwa?"

"Ilisomwa matangani."

Nilimwona wazi akitafuta pa kusimama, na kama angepaona, huenda habari hii isingeandikwa. Lakini karani mwenzake alikuwa akisikiliza, na wateja wawili.

"Basi ni kadari," alisema. "Kifo hakingoji kadi."

"Twende Mambrui Ijumaa. Umwambie mkaza mjomba kwa kinywa chako kwamba kadi ilikaa kwako. Hayo tu, yaishe."

"Mimi niende Mambrui kuomba radhi kwa ajili ya pumbao?" Alimgeukia mwenzake. "Unamsikia huyu? Chuo kikuu kizima, amerudi kulilia karatasi." Wakacheka, na wateja wakacheka kwa adabu. Nikaondoka.

Ilikuwa Ramadhani imeingia. Desturi yetu, wa salamu wa Malindi, ilikuwa kwamba kwa kipindi cha Idi kila mtu hutuma kadi kuwasalimu majirani wa mtaa wetu nyumba kwa nyumba, mlango hadi mlango, asisahaulike hata mmoja. Kumsahau mtu kwenye Idi kulikuwa kosa lililozungumzwa hadi Idi ya pili. Na kila mwaka katibu alitoa redio yake kubwa barazani, akatandika mkeka, akaalika wakwe na wafanyakazi wa dukani, wakanywa kahawa na halua huku jina lake likitajwa mara kumi. Aliishi mwaka mzima kwa siku hiyo moja. Mimi nilijua kwa sababu mwaka uliotangulia, nikiwa likizo, nilikuwa kwenye mkeka huo, naye alikuwa akihesabu kwa vidole.

Kadi zote za Idi za wenzangu, safari hii, zilikuwa ziandikwe na mimi. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuniletea zikiwa tupu. Ningeweza kunyamaza nikaandika nilivyotaka. Nililifikiria hilo siku nne, nikaona kwamba nikitumia jina la mtu bila yeye kujua, sitakuwa na tofauti na yule karani wa misumari. Basi Jumamosi, katibu akiwa amekwenda Kilifi kwa mazishi ya jamaa, nikawaeleza kila kitu barazani kwa fundi: jaribio, duka, kicheko, na nilichotaka kuwaomba, kwamba kadi zao za Idi zimruke katibu.

Fundi aliiweka sindano mdomoni, akaitoa.

"Kumruka mtu kwenye salamu za Idi," alisema. "Heri umtukane mamake."

"Mamake hakunikosea."

Mmoja wetu, muadhini wa msikiti mdogo, alitikisa kichwa. "Mwezi mtukufu huu, ndugu yangu. Samehe."

"Nitasamehe akishasikia redio."

Fundi alicheka kwa pua. Kisha akawa hacheki. "Yangu ya mwaka jana kwa mwanangu, ile isiyosomwa kabisa. Nilidhani mtangazaji hapendi mwandiko wangu."

"Yangu pia," akasema mwingine taratibu, "ya kumpongeza shemeji kwa harusi."

Muadhini alichukua kadi yake tupu akaenda zake, na sikumlaumu. Wanane walibaki, na mimi wa tisa. Niliandika siku mbili. Kila kadi ilianzia juu ya mtaa: mwuza kahawa na watu wake, mkunga, mwalimu wa madrasa, yule mjane mwenye kuuza mahamri, kisha ikaruka mlango mmoja, wa katibu, ikaendelea na wakwe zake, mlango wa pili, na ikashuka hadi ufuoni bila kumwacha hata mpangaji aliyehamia juzi. Kwenye yangu niliongeza kwa mkaza mjomba, Mambrui, na maneno ya mwisho hayakuwa ya kuchekesha: Kadi ya mjomba niliiandika na kuikabidhi yu hai, ikakaliwa na aliyeaminiwa kuipeleka, na mtaa wetu unamjua.

Niliyasoma mara nyingi. Niliwaza watoto wa katibu kwenye mkeka ule, wamevaa nguo mpya. Niliwaza labda mkaza mjomba hatasikiliza redio tena maishani mwake, na kwamba kama ningekuwa mtu mwema ningekwenda kumweleza mwenyewe, nikiwa na fundi kama shahidi, na mambo yangeishia hapo. Njia hiyo ilikuwa wazi mbele yangu. Niliitazama vizuri, na sikuitaka. Nilitaka ajisikilize asivyotajwa.

Jumatatu asubuhi nilipita mbele ya duka lake nikiwa na kadi mkononi, bila kuzificha. Aliniita kutoka mlangoni, akaniuliza kama zile ni za Idi, akanyoosha mkono azipokee kama kawaida. Nikamwamkia shikamoo, nikavuka barabara hadi posta, nikazitia sandukuni zote tisa, moja moja, akiniangalia.