Neno "Moto"

Enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa akilisha pamba mashine za jineri moja, kiwanda cha kuchambua pamba, pale Kirumba kando ya ziwa. Mimi na wanawake wenzangu tulikaa nje, chini ya kibanda cha nyasi, tukitenga pamba safi na fifi, yaani ile chafu. Kati yetu na wanaume palikuwa na ukuta wa mabati. Mlango wake, nao wa bati, ulikuwa umepinda kwa jua, hata ukawa haufunguki mpaka sisi wa nje tuuvute.

Mwaka ule mvua zilichelewa mno. Ziwa lilirudi nyuma, yakatokeza mawe ambayo hata wenyeji hawakuyajua. Pamba ilikauka kupita kiasi, na nyuzi zake zilielea hewani siku nzima. "Kijiwe kimoja tu kikigusana na chuma cha mashine kikatoa cheche, tumekwisha," mnyapara alituonya. Tangu siku hiyo usingizi ulinipaa. Kila kijiwe nilichokikuta kwenye pamba nilikifunga kwenye upindo wa kaniki, nisije nikakidondosha tena.

Mume wangu lakini alikuwa mtu wa mzaha. Jasho likimzidi, alipaza sauti kutoka ndani, "Moto!" Nami niliruka, kapu likamwagika, wenzangu wakashika mbavu kwa kicheko. Nyumbani nilimsihi, "Sema joto, sema jua, ila neno hilo liache, tafadhali."

"Kwani uongo? Si moto?" akanijibu.

Hapo Kiswahili chetu kilituponza. Jua likichoma, tunasema moto. Nyumba ikiungua, moto huohuo.

Nilichoka kuitwa mwoga, nikatunga jibu. Akisema "Moto!" nami nilipaza sauti, "Na huku kwetu kuna baridi?" Wanawake walilipenda, likawa kiitikio chetu. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na msemo huo niliujua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimeonja raha ya kuchekesha watu. Hofu yangu niliionea aibu, nikaifukuza kwa makusudi.

Mchana mmoja sauti ikatoka, "Moto!" Nikajibu, wakacheka. Ikatoka tena, "Moto! Moto!" Tukaitikia sote kwa pamoja, mmoja wetu akapiga na kigelegele. Mara ya tatu ndipo nilipoona moshi ukipenya kwenye maungio ya mabati.

Tuliuvuta ule mlango kwa nguvu zetu zote, mpaka ukaachia. Wanaume walitoka wote hai, wakikohoa. Mume wangu alitoka wa mwisho, ngozi ya viganja imebaki kwenye bati alilokuwa akilisukuma. Nilimmwagia maji ya mtungi huku nikilia, nikimwomba asinitazame.

Alinitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo; alitaka kujua tu.

"Mlikuwa mnacheka nini?" akaniuliza.