Amina ya Mapema

Baba yangu haombei chakula. Anaombea watu, chakula kinasubiri. Nyumbani kwetu Mbalizi tumekula ndizi zilizopoa tangu utotoni, maana baba wa Kikristo, kwa maelezo yake, ni mchungaji wa nyumba, na mchungaji lazima awapitie kondoo wake wote kabla hawajala. Anaanza na bibi, anafuata mama, halafu sisi watoto mmoja mmoja, na matatizo yetu hadharani. Mwaka niliofeli hesabu, Mungu aliambiwa mbele ya wageni. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo baada yangu anakuja ng'ombe.

Ukitajwa pale, wewe ni wa nyumba hii. Usipotajwa, hata ulete mbuzi kumi, bado ni mgeni. Mume wa dada yangu alikaa miaka miwili bila kutajwa, wakati ng'ombe alitajwa siku ileile aliyonunuliwa.

Basi nilipomleta mchumba wangu kutoka Kihesa, Iringa, sikuwa na wasiwasi na mahari wala ukoo. Nilitaka atajwe tu. Nilimpa semina nzima kwenye simu: fumba macho, usiguse kitu, na baba akinyamaza ujue anatafuta maneno, hajamaliza.

Gari lake likaharibika Chimala. Alifika saa kumi jioni, hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, na mama alikuwa amepika kuku wa kienyeji na ndizi. Baba akaanza. Bibi na miguu yake. Mama na presha yake. Dada. Kaka na pombe zake. Akafika kwangu, akaniombea, akanyamaza. Nikajua ni hapo: ama mchumba wangu, ama ng'ombe.

"Amina!" akaitika mchumba wangu kwa sauti ya kwaya, na paja la kuku likawa tayari mkononi mwake.

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafumbua jicho moja, nikakutana na jicho moja la baba. Mama alikuwa amejifunika kitenge usoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Baba alisubiri mpaka paja likarudi sahanini, akakohoa, akaanza upya kwa bibi.

Safari hii alirefusha makusudi. Pombe za kaka zilipewa nafasi ya kutosha. Nikasema moyoni, kwisha habari yangu. Mchumba wangu alikuwa ameng'ang'ania magoti yake, jasho linamtoka. Baba akafika kwangu, akanyamaza tena, kimya kirefu kuliko kile cha kwanza.

"Na huyu kijana wetu, Bwana," akasema taratibu, "mpe uvumilivu. Ameingia nyumba ambayo chakula hakiliwi cha moto, na kosa ni langu. Umlinde kama unavyo..."

"Amina!"

Nilikuwa mimi, machozi yananitiririka.

Baba hakuanza upya. Alichukua lile paja la kuku, akamwekea mkwewe kwenye sahani.