Kitufe cha Sauti Nyembamba

Saady ametengeneza redio sokoni Kibondo kwa miaka ishirini na mbili, na mimi nashona viatu kibanda cha pili. Ana mkono mwepesi. Redio ikikwaruza kwa sababu ya vumbi, huvikata vile vitufe viwili vya kuzungusha, cha sauti nzito na cha sauti nyembamba, akaunganisha waya moja kwa moja. Wateja humshukuru.

Bibi Josephina alileta redio kaseti yake inakwaruza. Kaka yake, Kasian, alikuwa mgonjwa Kasulu, ndugu pekee aliyebaki. Simu bibi hakuwa nayo. Kila siku saa saba mchana alikaa kusikiliza matangazo ya vifo.

"Usikiguse hicho cha sauti nyembamba," alisema. "Nikikikaza mpaka mwisho, ndipo nayapata maneno."

"Bibi, muziki umeshapikwa huko studio. Wewe unaongeza chumvi ya nini?"

"Mimi nasikiliza watu, mwanangu, si muziki."

Saady alicheka, akavikata vyote. Mimi nilisikia, nikainamia kiatu changu.

Wiki iliyofuata bibi alirudi. "Inanguruma tu. Haisemi."

Saady akapandisha sauti mpaka muuza dagaa akageuka. "Humsikii huyo mtangazaji?"

"Namsikia. Anachosema ndicho nisichokipata."

"Basi redio ni nzima. Peleka masikio hospitali."

Watu walicheka. Bibi akajitwisha redio yake, akaondoka.

Kasian alifariki siku ya Jumatatu. Tangazo lilisomwa siku mbili mfululizo, na jina likatajwa: Josephina, dada wa marehemu, aliyeko Kibondo. Yeye alikuwa amekaa mbele ya redio hiyo hiyo, ameiinamia. Kule walimngoja hadi Jumatano jioni, wakazika. Habari aliletewa Ijumaa na mwanamke aliyeshuka kwenye basi la Kasulu.

Saady alipoambiwa, alimwaga kopo lake la vyuma chakavu chini, akatafuta kile kitufe asubuhi nzima. Alikipata, akakisafisha kwa mafuta, tukaenda wote kwa bibi. Alikichomelea pale pale kibarazani, jasho likimtiririka, akakikaza mpaka mwisho. Sauti ya mtangazaji ikatoka nyembamba, kali, kila neno peke yake.

"Sasa je, bibi?"

"Sasa anasema," alijibu bibi. Akanyoosha mkono, akaizima. "Nenda nayo, mwanangu. Niliyekuwa namsubiri ameshasomwa."