Jumamosi za Alfayo

Alfayo Omwenga alikuwa fundi mzuri, na sitaki mtu aniambie vingine. Lakini kwa ile kompyuta ya dirishani alinichosha mpaka nikatamani turudi kuuza redio peke yake.

Huo ulikuwa mwaka wa 1999. Mimi nilikuwa keshia katika duka la Bwana Yashwant mjini Kisii, na Alfayo ndiye aliyekuwa fundi wetu wa redio na televisheni. Kwao ni Gesima. Alikuwa na shamba dogo la chai, watoto watatu na kanisa lake la Sabato. Ijumaa saa kumi alifunga kisanduku cha vifaa akaenda zake, na mjini hakuonekana tena hadi Jumapili asubuhi. Kwa miaka sita Bwana Yashwant hakuwa na neno juu ya hilo.

Kisha Aakash, mwanawe Bwana Yashwant, akaja likizo kutoka ng'ambo na diski ya mfumo uitwao Linux, ambao alisema ni wa bure. Akamwonyesha babake jinsi kompyuta inavyoweza kukaa dirishani ikionyesha picha za friji na pasi na bei zake, moja baada ya nyingine, bila mtu kuishika. Mzee akafurahi sana. Wiki mbili baadaye Aakash akapanda ndege, na Alfayo akaachiwa kitabu kinene cha Kiingereza na kuambiwa amalizie.

Jumamosi ya kwanza picha zilikwenda vizuri kwa dakika kumi, halafu skrini ikawa nyeusi. Nikagusa kibodi, zikarudi. Dakika kumi nyingine, giza. Jumamosi ndiyo siku watu hujaa mjini, na mimi nikawa naacha foleni ya wateja nikimbilie dirishani kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Jumapili nilimweleza Alfayo yote, tena kwa sauti. Akafungua kitabu, akasema mashine isipoguswa hudhani mwenyewe ameondoka, hivyo inafunika picha. Akaandika amri ya kuikataza.

Jumamosi ya pili ikalala tena. Kumbe kuna usingizi wa aina mbili, wa picha na wa skrini yenyewe, na Alfayo alikuwa ameondoa mmoja tu. Nani alitengeneza kitu kama hiki? Jumamosi ya tatu stima ikapotea, na iliporudi mashine ikawaka na kuuliza jina na neno la siri. Iliuliza mchana kutwa. Watu walisimama nje wakisoma swali hilo, na Bwana Yashwant akasimama ndani akiwatazama.

Jumapili alimwita Alfayo mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Alfayo, mimi haina shida na kanisa yako. Lakini dirisha ikizima tena Jumamosi, wewe utakuja Jumamosi. Ama nitafute fundi ingine."

Alfayo akaitikia tu. Akaokota bisibisi yake akarudi dirishani. Kazi nyingine ya namna ile hakuwa nayo, na Sabato yake asingeiuza, hilo nilijua. Bwana Yashwant alipoingia ofisini nikamwambia Alfayo mambo ni rahisi: aniachie mimi, nikiona giza nitabonyeza, basi. Mimi ni Mkatoliki, kidole changu hakina Sabato.

Hakucheka. "Yaya, Gladys, hapana. Ukigusa kwa sababu yangu, ni mimi nimekutuma kazi. Hiyo ni sawa na kugusa mwenyewe."

Nilikasirika, nakuambia. Mtu anatupiwa kamba naye anauliza imesokotwa na nani! Siku mbili sikumpa salamu.

Lakini wiki hiyo alifanya kazi kweli. Aliifundisha mashine kuingia yenyewe bila kuuliza jina. Akaifundisha kukagua diski yake baada ya stima kupotea bila kungoja ruhusa ya mtu. Alhamisi aling'oa waya ukutani mara kumi mbele yetu, na mara kumi mashine ikaamka na kuendelea na friji zake. Ijumaa, koti liko begani tayari, akakumbuka jambo moja. Akachomoa kibodi akaiweka chini ya kaunta, ili Mama Aakash asiibonyeze akipangusa vumbi, na ili mimi nami nisijaribiwe. Hakuijaribu mashine tena. Akaenda Gesima.

Jumamosi saa tano stima ikapotea. Iliporudi, mashine ikalia, maandishi yakapita, kisha ikasimama. Niliyasoma mara mbili. Ilisema haioni kibodi, na kwamba ili iendelee nibonyeze F1. Nibonyeze wapi? Ilitaka nitumie kitu ambacho yenyewe imesema hakipo. Nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Nikatoa kibodi, nikapiga magoti katikati ya pasi na majiko, nikachomeka, nikabonyeza. Friji zikarudi, nami nikaichomoa tena. Nilipoinua kichwa, Bwana Yashwant alikuwa mlangoni mwa ofisi na kikombe cha chai, ananitazama. Nikajua Alfayo amekwisha. Mzee akageuka kumhudumia mteja.

Jumapili Alfayo aliingia akaenda moja kwa moja dirishani, kisha akaniuliza kama stima ilipotea. Nikainamia droo ya pesa, nikajifanya nahesabu chenji. Bwana Yashwant akajibu akiwa mlangoni mwa ofisi.

"Ilipotea saa tano. Ikarudi, mashine ikaamka yenyewe. Hakuna mtu aligusa."

Neno hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi. Alfayo akaketi kwenye kigoda, akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa Ekegusii, lugha ya kwao, na machozi yakamtoka.

Sasa ningemwambiaje kuhusu F1? Kumwambia hilo ni kumwambia yote. Kwa hiyo kila Ijumaa Alfayo alichomoa kibodi na kwenda kwake na moyo mweupe. Stima ikipotea Jumamosi, Bwana Yashwant alitafuta mteja wa kuongea naye, nami nikapiga magoti na kibodi. Wageni wakija, Alfayo aliwaambia kwamba tangu siku ile mkono wa mtu haujagusa mashine yake siku ya Sabato. Mimi nilikuwa hapo kando, naitikia, na magoti yananiuma.